Saa Thelathini na Moja za Maji

Ukitaka kujua mtu wa Amman ana shida gani, usimtazame usoni, mtazame mikononi. Alhamisi ile mchana, mjini kati, karibu na msikiti mkubwa, kila mtu alikuwa amebeba chake: huyu mkate wa ufuta wa duara, yule kizimba cha chiriku, mwingine suruali tatu za mtumba begani. Rudaina alikuwa amebeba boya la tangi lililopasuka, kubwa kama kichwa cha mtoto, na alilikumbatia kwa hasira kana kwamba limemtukania mama.

Duka la vifaa vya bomba lilijaa wateja mpaka mlangoni. Kijana wa kaunta, shati la buluu, mikono imekunjwa hadi viwikoni, tepu nyeupe ya mabomba kaivaa mkononi kama bangili, alimwona kabla zamu yake haijafika. Angekosaje kumwona? Mtandio wa rangi ya zeituni, koti jeusi refu, vifungo vyote vyeusi isipokuwa kimoja cha chini, cha kahawia, kilichoshonwa kwa uzi mwekundu.

"Hilo limeshakufa, dada," alisema. "Ungelisomea Fatiha huko huko nyumbani."

"Nipe jingine. Na maneno ubaki nayo."

"Maneno hapa ni bure. Unakaa mlima gani?"

"Unauza maboya au unaandikisha wapiga kura?"

"Nataka kujua maji yenu yana nguvu kiasi gani. Kuna maboya ya watu wa bondeni, na kuna maboya ya watu wenye subira."

Rudaina alijikaza asicheke. "Jabal Taj. Ngazi za Juu. Jumanne."

Ndivyo watu wanavyojitambulisha huko. Maji ya bomba huja mara moja kwa wiki, kila mtaa na siku yake, na mwanamke anaweza kusahau siku aliyoolewa lakini siku ya maji hasahau. Ndiyo siku ya kufua, ya kuosha mazulia, ya kujaza matangi juu ya paa. Hata posa haipelekwi siku hiyo, maana nani atawapokea wageni akiwa na povu hadi magotini?

"Jumanne ya Ngazi za Juu," kijana akarudia, akinyoosha mkono hadi rafu ya mwisho. "Basi chukua hili jeusi, la wenye subira. Naitwa Qusai. Likikusumbua, lirudishe. Lisipokusumbua, lirudishe vilevile."

Hapo angelipa akaenda zake. Lakini alitoa mkobani daftari la kijani. "Swali moja. Maji yakichelewa mtaani saa nne, tangi la mwisho, la juu kabisa, linapata nini?"

Qusai aliacha mzaha. "Linapata upepo," alisema. Rudaina akaandika: upepo.

"We binti!" mzee mmoja nyuma akapayuka. "Hapa dukani au chuoni?"

Akatoka na boya jipya, na namba ya simu ya Qusai pembeni mwa ukurasa. Namba ya utafiti tu. Utafiti! Mwanaharamu huyo kaozesha watu wengi kuliko makadhi.

Rudaina alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwaka wa tatu chuoni. Somo la uraia la Dokta Haifa lilimtaka kila mwanafunzi achague tatizo moja la mtaa wake, alichunguze, kisha aliwasilishe kwenye mabango manne mbele ya wakubwa wa mji: tatizo ni nini, watu wamejaribu nini, sisi tunapendekeza nini, na nani afanye nini. Wenzake walichagua takataka na mbwa wa mitaani. Yeye hakuchagua, alichaguliwa. Jirani yao wa mlango wa pili, Hajja Wadha, mwanamke wa miaka themanini na ushei, tangi lake lilikauka Jumapili. Akashuka na galoni kwa watu wa chini, akapanda nalo, na kwenye ngazi ya kumi na nne akateleza. Nyonga ikavunjika.

"Msizilaumu ngazi," alisema hospitalini. "Ngazi zile nazijua miaka sitini. Laumuni Jumanne."

Na kweli, Jumanne ile maji yalifunguliwa saa nne pungufu. Rudaina akaamua kuhesabu. Mlima ule una mitaa saba, siku saba, bomba moja. Ukimpa huyu, yule anakauka. Kila mtaa akamweka mwanamke mmoja wa kumtumia ujumbe: yamekuja saa fulani, yamekatika saa fulani. Wiki tisa akajaza daftari. Na katika wiki hizo simu ya utafiti ikafanya kazi yake.

"Asubuhi ya mawaridi, mheshimiwa mtafiti."

"Qusai! Saa kumi na moja na nusu alfajiri."

"Nilitaka sauti yangu ifike kabla ya maji."

"Maji yenyewe hayajafika."

"Basi nimeyashinda. Andika hiyo."

"Siandiki upuuzi."

"Andika pembeni. Pembeni ndiko ulikoniandika mara ya kwanza, na sasa nimeingia katikati."

"Nani kakwambia umeingia katikati?"

"Kifungo chako cha kahawia. Juzi ulikuja dukani umekibadilisha. Mtu habadilishi kifungo kwa ajili ya bomba, roho yangu."

Rudaina alifunika uso kwa mto asije mama yake akasikia kicheko. Mama yake, Umm Sanad, alikuwa ameshasikia tangu wiki ya pili. Mjane hulala sikio moja.

Jumamosi moja walikula kunafa ya moto kwenye sahani za karatasi, wamesimama uchochoroni kama watu wote, jibini likivutika kutoka mdomoni hadi kwenye uma. Qusai akasema, "Nikwambie siri? Baba yangu ndiye mwenye ufunguo wa mlima wenu."

"Ufunguo upi?"

"Wa maji. Kile chuma kirefu kinachozungusha koki chini ya barabara. Miaka ishirini na sita anakwenda nacho begani. Abu Qusai mfungua maji, hujamwona?"

Kunafa ilimkwama Rudaina. Jana yake tu alikuwa amejumlisha daftari zima: saa thelathini na moja hazijulikani zilikokwenda, leo mbili katika mtaa huu, kesho nne katika mtaa ule. Na kila mwanamke wa mlimani alimwambia neno lile lile: mfungua maji anawauzia wenye malori ya maji. Bango la kwanza lilikuwa limeshaandikwa.

"Mbona umenyamaza?"

"Kunafa ya moto."

Kunafa ilikuwa imepoa dakika kumi nzima.

Alipolala alijiambia: jina sikuandika. Nimeandika "mfungua maji", basi. Lakini mlima ule una ufunguo mmoja, na ufunguo mmoja una bega moja. Alilijua hilo, akajilazimisha kutolijua. Qusai alipomuuliza kama aje siku ya kuwasilisha, alimjibu, "Wageni hawaruhusiwi." Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walipima wenyewe.

Ukumbi wa manispaa ulijaa wiki mbili baadaye. Mbele walikaa watu wa ofisi ya maji, tai shingoni, chupa za maji mezani. Rudaina alivaa gauni la kijivu na mtandio ule wa zeituni, akasoma kwa sauti isiyotetemeka.

"Katika wiki tisa, mitaa saba imepoteza saa thelathini na moja za maji. Bomba halikupasuka. Umeme haukukatika. Saa hizi zimepotelea mkononi mwa mfungua maji."

Makofi yakapigwa. Akainua macho kushukuru, akawaona. Safu ya tatu kutoka nyuma, Qusai, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, boksi la peremende mapajani limefungwa utepe wa dhahabu. Kando yake mzee mwembamba katika koti la suti lililomzidi mabega. Qusai alikuwa amemleta baba yake amwone mchumba.

Mmoja wa wenye tai akapekua karatasi. "Mfungua maji wa Jabal Taj ni nani?"

Kabla karatasi haijajibu, mzee alisimama. "Ni mimi."

"Haya anayosema binti ni kweli?"

"Saa ni hizo. Binti kahesabu vizuri."

"Uliziuza?"

"Sijauza."

"Basi ulimpa nani?"

Mzee alimtazama yule mkubwa, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. "Hilo sisemi, mwanangu," alisema, akaketi taratibu kama mtu anayeogopa kukisumbua kiti.

Siku ya pili wakamnyang'anya ufunguo. Jioni simu ikalia, na safari hii haikuwa na asubuhi ya mawaridi.

"Ulijua tangu lini?"

"Qusai, sikuandika jina..."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Siku ile ya kunafa."

"Wiki mbili! Wiki mbili naitwa habibi asubuhi, na kwenye bango baba yangu anaitwa mwizi."

"Hajja Wadha kavunjika nyonga! Saa zimepotea kweli, sijazitunga!"

"Sikatai. Lakini ungeniuliza, Rudaina. Neno moja. Ningemuuliza. Sasa nimemuuliza, na hanijibu. Unajua ilivyo kukaa sahani moja na baba yako, ukaitazama mikono yake inakata mkate, ukajiuliza? Hilo ndilo ulilonipa. Sina haja ya jingine kutoka kwako."

Simu ikakatika. Alipiga mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili namba haikupatikana tena.

Bango lake lilipewa nafasi ya kwanza. Cheti alikiweka chini ya godoro.

Wiki tatu zikapita. Hajja Wadha alikuwa amerudishwa nyumbani, kitandani, mdogo kama kifurushi. Jumamosi moja asubuhi aliomba chai ya mnana, akanywa nusu, na ile nusu nyingine hakuifikia. Wanawake wa ngazi wakajaa. Umm Nayef, mwosha maiti wa kike wa mlima wote, akapanda akihema na mfuko wake wa pamba na kafuri. Akakunja mikono, akafungua bomba. Likatoa upepo.

"Subirini kidogo," alisema. "Yatakuja."

"Umm Nayef, leo Jumamosi," Rudaina alimkumbusha. "Yetu ni Jumanne."

"Binti, nilikuwa naosha hujazaliwa. Mimi nikiingia nyumba ya msiba, maji huja. Subirini."

Wakasubiri nusu saa. Wanawake wakalitazama bomba kama watazamavyo mlango mtu akichelewa. Hayakuja.

Basi wakashuka na magaloni kwa watu wa bondeni, Rudaina mbele, wakapanda nayo. Kila safari alipofika ngazi ya kumi na nne, alikanyaga kando yake. Safari ya nne alimkuta Umm Nayef anamimina maji kwa kikombe, kidogo kidogo, anayahurumia, na machozi yanamlenga, yeye asiyelia kamwe kazini.

"Miaka tisa," alinong'ona. "Miaka tisa sijaosha kwa galoni. Ingekuwa Jumapili, ingekuwa Alhamisi, nikifika tu bomba linalia. Nilidhani ni baraka ya mikono hii. Hata mume wangu nilimringia. Leo imekwenda wapi?"

Rudaina aliliweka galoni chini.

Alikumbuka paa la nyumba yao, miaka minne nyuma. Baba yake kalazwa chini sebuleni, kafunikwa shuka, naye kakimbilia juu asisikie vilio. Alikaa ameegemea tangi tupu. Mara, karibu na sikio lake, bomba likaanza kulia, sss, na maji yakaingia. Ilikuwa Jumamosi. Mama yake alisema, "Mungu hamsahau mja wake," na hakuna aliyeuliza nani yuko barabarani amepiga goti katika jua lile, anazungusha chuma.

Baada ya maziko alimkalisha Umm Nayef jikoni, akafungua daftari la kijani.

"Jumatatu ya tarehe tisa, saa nane hadi saa kumi na moja, mtaa wa kiwanda cha barafu ulikosa maji. Mlimani kulikuwa na nini?"

"Tarehe tisa? Bibi yule Mcherkezi, wa wale wahamiaji wa zamani. Nilimwosha mimi."

"Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tano?"

"Huyo mwanamume, kaoshewa msikitini. Lakini hema la matanga lilipigwa kwao, watu mia mbili kwa siku. Wangenawa na nini?"

Rudaina aliinua macho daftarini. Kisha akauliza lile aliloliogopa. "Na Jumanne ile? Ile ya Hajja Wadha?"

"Mke wa fundi viatu, kule chini. Alikufa katika uzazi." Umm Nayef alitikisa kichwa. "Maji yale, binti yangu, yalihitajika mengi."

Walipofika mwisho wa daftari, nyumba zilikuwa kumi na moja. Saa thelathini na moja, na hakuna hata dakika moja iliyopanda lori la mtu.

Jumatatu alikwenda dukani. Qusai alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, tepu mkononi haipo.

"Tumefunga," alisema, na mlango wazi nyuma yake.

"Sijaja kununua." Rudaina aliweka daftari juu ya kaunta, limefunuliwa kwenye ukurasa wa jumla. Pembeni mwa kila tarehe, kwa wino mwekundu, kulikuwa na jina la marehemu. "Soma. Ukimaliza, nifukuze."

Alisoma huku wateja wakingoja. Alisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akakaa juu ya boksi la mabomba.

"Chupa," alisema.

"Chupa gani?"

"Mama yangu alikufa Agosti, mwaka wa tisa huu. Ijumaa. Maji yetu Jumatatu. Mwenye lori akasema kesho kutwa. Baba, mfungua maji wa mlima mzima, hakuwa na maji ya kumwoshea mkewe. Tukanunua ya chupa dukani. Kila chupa ilikuwa na picha ya mlima wenye theluji." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Alizifungua mwenyewe, moja moja, akizipitisha mlangoni kwa wanawake. Krak, krak. Mpaka leo nikisikia kifuniko cha chupa... Halafu hakulitaja tena. Na mimi mwezi mzima namtazama kama mwizi, ananiona, na ananikatia mkate."

Rudaina akasema la kweli. "Nisamehe, Qusai. Nilihesabu kila kitu, nikaogopa kuuliza swali moja."

"Si mimi wa kuombwa kwanza," alijibu, akanyanyuka. "Twende."

Abu Qusai alikuwa kwenye kibaraza anamwagilia rihani kwa maji yaliyooshewa mchele. Alimsikiliza Rudaina mpaka mwisho, akalipokea daftari, akaona wino mwekundu.

"Futa haya majina."

"Ami, nitayapeleka ofisini kesho. Wakiyaona watakurudishia ufunguo."

"Futa, binti yangu. Mtu kafiwa, umempa maji. Ukienda kumtangaza, umemgeuza ombaomba mbele ya watu. Ningetaka kusema, ningesema siku ile ukumbini. Mdomo ninao."

"Lakini wanakuita mwizi, baba!" Qusai alilipuka.

"Na nimeiba." Mzee aliweka kopo chini. "Msinifanye walii. Nyonga ya yule Hajja ninayo mimi hapa kifuani. Nilichukua saa za wazima nikawapa wafu, sikumwomba mtu ruhusa. Nikajiambia, saa nne ni nini?" Akamgeukia Rudaina. "Kama wewe ulivyojiambia, bango lisilo na jina ni nini? Sisi wawili kosa letu ni moja. Tofauti, wewe una miaka ya kulirekebisha."

Rudaina alichana ukurasa ule. Mzee aliuchukua, akaukunja mara nne, akauzika kwenye udongo wa rihani.

Bango la tatu akaliandika upya. Safari hii alipita mitaa yote saba kwa miguu, mlango kwa mlango, akikusanya saini: kila mtaa utatoa saa zake kadhaa kwa mwezi, ziwe akiba ya nyumba yoyote ya mlimani itakayofikwa na jambo, na mfungua maji asiulize jina wala asiandike jina. Watu wa Ngazi za Juu, wenye maji haba kuliko wote, walitangulia kutia saini. Mkwe wa Hajja Wadha ndiye aliyeshika kalamu kwanza. Ofisi ya maji ilinung'unika wiki mbili, ikakubali. Lakini ufunguo ulipewa kijana mwingine. Abu Qusai alihamishiwa ghala la mita, akae huko hadi kustaafu. Hapo hakuna saini iliyosaidia.

Likabaki moja. Mwanamume amefedheheshwa mbele ya ukumbi mzima. Fedheha kama ile haifutwi kwa simu wala kwa chozi la binti. Ijumaa baada ya alasiri, ami yake Rudaina, Abu Dawas, aliwakusanya wazee wa ngazi, wakaenda kwa Abu Qusai kwa jaha, ule msafara wa kuomba ambao ukifika, mkubwa wake hupewa kahawa na haionji mpaka mwenye nyumba aseme ndiyo. Mwenye nyumba asiposema, kahawa hupoa, na wageni huondoka na aibu yao.

Rudaina alibaki nyumbani, simu mkononi. Ikalia.

"Wamekaa," Qusai alinong'ona. "Kumi na wanane. Viti vimekwisha, kinyozi wenu kakaa juu ya mashine ya kufulia."

"Uko wapi wewe?"

"Jikoni. Nimeshammiminia ami yako. Kaiweka chini, mbele ya miguu."

Kwa mbali Rudaina alisikia sauti ya ami yake, nzito, ya mtu aliyevaa shali lake bora: "Abu Qusai, binti yetu alihesabu saa, hakuhesabu watu. Sisi watu wa ngazi tulimwambia aliyoyaandika, kosa ni letu kabla halijawa lake. Tumekuja kuomba radhi yako."

Rudaina akaibana simu sikioni.

"Anasema nini?"

"Hasemi. Anaitazama kahawa."

"Muda gani sasa?"

"Bingwa wa kuhesabu ni wewe, habibti."

Neno lile, ambalo hakulisikia tangu siku ya ukumbini, lilimfanya aume kidole. Mama yake alikuwa ameacha kujifanya anakunja nguo. Wote wawili wakainamia simu.

"Kunywa kahawa yako, Abu Dawas," sauti ya mzee ikasema. "Mlilolijia mmelipata. Na lilikuwa lenu tangu siku ile ile."

Wanaume kumi na wanane wakasema "Mungu akuweke" kwa mpigo mmoja, mashine ya kufulia ikagonga ukuta. Umm Sanad akakaa chini sakafuni. Halafu, karibu sana na simu:

"Nani huyo unanong'ona naye?"

"Hakuna, baba."

"Hakuna mbona analia? Nipe." Simu ikabadilisha mkono. "Rudaina."

"Naam, ami."

"Ile Jumatano ya wiki ya sita uliandika saa tatu. Zilikuwa tatu na nusu."

Rudaina alicheka na kulia kwa pamoja. "Nitasahihisha, ami."

"Usisahihishe kitu. Ijumaa ijayo, Mungu akipenda, nami nitapanda ngazi zenu na wazee wangu. Mwambie mama yako kahawa isiwe ya moto sana. Nitaiweka chini, na huyu mpumbavu wangu hatapumua mpaka niinywe. Mnajua la kujibu?"

Rudaina alimtazama mama yake. Umm Sanad alivuta pua, akasogeza mdomo kwenye simu. "Tunajua, Abu Qusai. Karibuni."

Jumanne iliyofuata, siku ya maji, siku tatu kabla ya posa, nyumba ilikuwa juu chini. Mazulia yote yalipandishwa paani yasije yakaonekana na vumbi. Saa nne asubuhi Rudaina alikuwa ameinama juu ya zulia jekundu la sebuleni, gauni limekunjwa kiunoni, simu imebanwa sikioni.

"Nitavaa la kijani," alisema.

"Vaa lile koti," Qusai alijibu. "Kifungo cha kahawia kirudishe."

"Umerogwa wewe. Siku ya posa nivae..." Bomba lililokuwa likilia tangu alfajiri lilikuwa limenyamaza.

"Nini?"

"Maji yamekatika."

Rudaina alisogea ukingoni mwa paa. Kule chini, mtaa wa pili kutoka bondeni, wanaume wanne walikuwa wanasimamisha nguzo za hema, na wa tano anashusha viti vya plastiki kutoka kwenye pikapu. Hakuijua nyumba. Hakujaribu kuijua.

"Sisi sote ni wa Mungu," alisema taratibu.

"Na kwake tutarejea," Qusai akamalizia.

Umm Sanad alitokeza kichwa mlangoni mwa ngazi, mikono povu tupu. "Rudaina! Maji yamekatika, na zulia lina sabuni!"

"Liache, mama," alisema, akakaa ukingoni mwa zulia lililolowa. "Yatarudi."